Silikoni si kinga ya paa: dhana potofu kuhusu madirisha ya paa na vigae vya sola

Mteja akitaka vigae vya sola na dirisha la paa kwa pamoja, sentensi ni ile ile: "Fundi, toboa tu, pakivuja tutaziba na silikoni." Imetosha sasa.

Dhana: Silikoni ndiyo inayozuia maji

Siyo. Kinachozuia maji paani ni kulaliana: kipande cha juu kinalalia cha chini yake, maji yanashuka bila kupata pa kuingilia. Silikoni ni msaidizi tu. Vigae vya sola hupata joto kali mchana na kupoa usiku. Kioo, bati na mbao hutanuka kwa viwango tofauti, na mshono wa silikoni huvutwa kila siku hadi ubanduke upande mmoja. Kwa macho bado unaonekana mzima. Maji hupenya kwenye ufa mwembamba kama unywele, hufuata mbao, na doa hutokea darini mbali na tundu lenyewe. Basi mtu anapanda na kopo jingine na kuziba mahali pasipovuja. Akiziba na ukingo wa chini wa flashingi (bati lililokunjwa la kuelekeza maji pale paa linapokutana na dirisha), ndio amefunga njia ya maji kutokea, nayo yatabaki humo yakiozesha mbao.

Kazi yenyewe huanzia chini kwenda juu. Fremu ya mbao ya dirisha inyanyuke angalau sm 10 kutoka uso wa paa, na karatasi ya kuzuia maji ipandishwe kwenye pande zake zote nne, upande wa chini ukitangulia. Ifuate flashingi ya chini, ikilalia vigae vilivyo mbele yake. Pembeni viwekwe vipande vya flashingi vilivyopangwa kama ngazi, kimoja kwa kila safu ya vigae, kila kimoja kikilalia cha chini yake kwa sm 7 au zaidi. Vipigiliwe upande wa paa tu, visipigiliwe na kwenye fremu, ili mbao zikicheza visichanike.

Flashingi ya juu huja mwisho, na hapo ndipo wengi huharibu. Karatasi inayoshuka kutoka juu ya paa lazima ilalie flashingi hiyo. Ikipitishwa chini yake, maji yanayotembea juu ya karatasi huingia moja kwa moja nyuma ya fremu, na hakuna silikoni itakayoyafikia. Fremu yenye upana unaozidi sm 75 ijengewe kigongo nyuma yake cha kugawa maji kushoto na kulia, la sivyo majani yatajikusanya pale na maji yatatuama. Shaba na alumini zisigusane kabisa: zikilowa, alumini huliwa.

Dhana: Dirisha tutalikata baadaye

Vigae vinavyozalisha umeme vina kioo kilichopashwa joto kali kisha kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Hakikatiki, ukikigusa na msumeno kinasambaratika chote. Halafu vigae hivyo vimeunganishwa mfululizo, nyaya zikipita chini yake, hivyo tundu moja linavuruga mkondo mzima. Dirisha lichorwe kwenye ramani kabla ya kigae cha kwanza, na vigae visivyo na seli, vile vinavyokatika, vizunguke ukingo wake. Kenchi nazo hazikatwi ovyo. Kama zimeachana sm 60, chagua dirisha jembamba linalokaa kati yake, au mhandisi aseme mzigo utabebwa na nini. Mimi huwashauri wateja waliweke dirisha kwenye mteremko usio na sola. Mwanga unaingia vilevile, na mita zenye jua zuri zinabaki kwa umeme.

Dhana: Kivuli cha bomba moja si kitu

Seli zilizounganishwa mfululizo hupitisha mkondo kwa kiwango cha ile iliyo dhaifu kuliko zote. Kivuli cha bomba la hewa lililotokeza paani kikilala juu ya seli chache, diodi (kifaa kinachoupa umeme njia ya pembeni) hulazimika kuliruka kundi zima. Kwenye paneli ya kawaida yenye diodi tatu, hiyo ni theluthi moja ya umeme wake imekwenda. Na kivuli hurefuka: jua likiwa nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho, bomba la sm 30 hutupa kivuli cha sm 80 hivi mahali tambarare. Unganisha mabomba ya hewa humo darini yatokee pamoja kwenye mteremko mwingine. Usilikate wala kulifunika bomba la hewa la choo. Maji ya mtego, yale yanayobaki kwenye kona ya bomba kuzuia harufu, yatafyonzwa na harufu itapanda ndani ya nyumba.

Dhana: Tone lolote chini ya dirisha ni mvujo

Likidondoka asubuhi ya baridi wakati mvua haikunyesha, huo ni mvuke wa ndani uliopoa na kugeuka maji kwenye kioo. Dawa yake ni kuzipa kuta za shimo la dirisha kinga ya kuhifadhi joto, siyo kupanda paani. Ukitaka uhakika, mwagia maji kwa mpira kabla dari haijafungwa: anza chini ya dirisha, kisha pembeni, juu mwisho, dakika kadhaa kila sehemu, na mtu mwenye tochi akae ndani. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila mahali na hutajua yameingilia wapi.