Je, wajua? Kwa nini Waingereza wanasema "once in a blue moon" na mwezi wenyewe si wa bluu

Ikitangazwa tu kwamba leo ni "blue moon", watu wanatoka na simu zao mpaka ufukweni Raskazone hapa Tanga kusubiri hiyo rangi, halafu mwezi unachomoza kule baharini mwekundu mwekundu, ukipanda unakuwa mweupe, basi. Bluu haipo.

Msemo "once in a blue moon" maana yake ni jambo linalotokea kwa nadra sana. Wengi wanaamini umetoka kwenye hesabu ya kalenda, yaani mwezi mmoja wa kalenda ukiwa na mbalamwezi mpevu mbili, ile ya pili ndo inaitwa ya bluu. Siyo kweli, msemo ni mkongwe kuliko hiyo hesabu! Tangu karne ya 16 huko Uingereza kusema mwezi ni wa bluu ilikuwa kusema jambo lisilowezekana, msemo wenyewe ukashika karne ya 19, wakati hesabu ya mbili ndani ya mwezi mmoja ni ya 1946 tu. Ilitoka kwenye jarida la Marekani, Sky & Telescope, ambapo James Hugh Pruett alinukuu almanaka ya wakulima wa Maine ya 1937 akaielewa vibaya. Almanaka ilihesabu kwa majira: msimu wa miezi mitatu ukipata mbalamwezi mpevu nne badala ya tatu, ile ya tatu ndo ya bluu. Jarida lilikiri kosa mwaka 1999 lakini wapi, dunia ilishazoea.

Sasa hizo mbili zinaingiaje mwezi mmoja? Mfikirie mwezi wa angani kama mpangaji anayelipa kodi kila baada ya siku 29 na nusu, na mwenye nyumba anaandika kwa kalenda ya ukutani yenye siku 30 na 31. Kila mwezi tarehe ya kulipa inarudi nyuma kidogo, leo tarehe 9, mara 8, mara 7, mpaka inafika tarehe 1, na hapo kabla mwezi haujaisha kodi nyingine imeshafika. Mwenye nyumba ataona kalipwa mara mbili lakini mpangaji hajabadilisha kitu. Inatokea mara 7 hivi ndani ya miaka 19, yaani kila miaka miwili na miezi kama minane, siyo adimu kihivyo.

Na hapa ndo pananivutia zaidi. Mzee wa Bagamoyo anayehesabu kwa mwezi kuandama hawezi kuipata "blue moon" hata siku moja, manake kwake kila mwezi una mbalamwezi mpevu moja, usiku wa 14 au 15, na bamvua lake. Mei 2026 kwa mfano ina mbili, tarehe 1 na 31. Kwake ya kwanza ni ya Mfungo Pili (mwezi wa pili baada ya Ramadhani), ya pili ni ya Mfungo Tatu, hakuna iliyozidi.

Bluu ya kweli imewahi kuonekana, baada ya mlima Krakatau kulipuka 1883 kule Indonesia, na 1950 moshi wa misitu ya Kanada ulipofika Scotland. Chembe za moshi au majivu zikiwa na ukubwa unaofaa zinatawanya mwanga mwekundu, unaobaki kufika machoni ni wa bluu.

Kwenye matumizi angalia kitu kimoja, msemo huu ni wa jambo linalotokea, ila kwa nadra. Mtoto yuko Dar anakuja Tanga kumwona bibi yake kwa kuotea, huyo anakuja "once in a blue moon". Asiyekuja kabisa hausemi hivyo. Sisi tunao wa karibu yake, adimu kama wali wa daku, kwa sababu wali wa daku upo na msimu wake ukifika unaliwa. Maziwa ya kuku ndo hayapo kabisa, kwa hiyo msemo "adimu kama maziwa ya kuku" usiutumie kuutafsiria.