Dhahabu ya kweli hufutika

Jumapili shangazi alikuja kutoka Ngamiani na kikapu. Ndani mlikuwa na vikombe sita vya kahawa nilivyovipaka dhahabu kwa mkono na kumpa mwaka juzi, harusi ya binti yake. Ukingo wa dhahabu ulikuwa umekatikakatika, na upande wa kunywea umebaki mweupe. "Mwanangu," akasema, na huruma yake ndiyo iliyoniuma, "walikuuzia feki. Dhahabu ya kweli haifutiki."

Ni mtu wa nne kuniambia hivyo tangu Ramadhani. Shangazi nilimjibu kwa adabu na kwa kifupi. Hapa nitajibu kwa kirefu.

Dhahabu ya kweli hufutika. Haishiki kutu, na jasho na chumvi ya bahari haviigusi. Lakini kutoshika kutu ni jambo moja na kutolika ni jingine, na watu wazima wenye akili zao wanayachanganya kila siku. Muulize sonara yeyote hapa mjini: pete iliyovaliwa miaka 40 hurudi kwake ikiwa nyembamba kuliko ilivyotoka. Dhahabu ni laini. Pete ina nyama ya kuliwa miaka yote hiyo, ukingo wa kikombe hauna.

Chukua chupa ya gramu 2 ya dhahabu ya kung'aa, ile tunayopaka kwenye vikombe. Kilichomo ni maji mazito ya kahawia, yenye harufu kali inayobaki sebuleni mpaka kesho yake, na ukahawia huo ndio mwanzo wa shaka. Ni dhahabu iliyofungwa ndani ya utomvu wenye salfa na mafuta, njia aliyoibuni Heinrich Gottlob Kühn kule Meissen, Ujerumani, karibu na mwaka 1830. Kwa kawaida dhahabu yenyewe ni kati ya asilimia 8 na 12. Tuseme 10: chupa nzima ina gramu 0.2. Utomvu ukiungua tanuri, kinachobaki juu ya glezi, lile tabaka la kioo linalofunika kauri, ni utando wa takriban sehemu moja ya kumi ya maikroni (maikroni ni elfu moja ya milimita). Unywele wa mtu huzidi unene huo mara mia kadhaa. Piga hesabu: zile gramu 0.2 zinatosha kutandaza mraba wa sentimita 30 kila upande. Ni dhahabu halisi, tena imechanganywa na rodi kidogo, metali nyingine, ili isijikusanye matone matone kwenye joto. Sasa mtu anauchukulia utando huo stiliwaya, mara tatu kwa siku, miaka miwili, halafu ananiambia nimeuziwa feki.

Wengine hunijibu kwa hoja ya Tongoni, mji wa kale karibu na Tanga. Mbona vigae vya kijani vya kauri ya Kichina vinavyookotwa kwenye magofu havijachujuka, na vimelala ardhini karne kadhaa? Kwa sababu ile rangi ya kijani imo ndani ya glezi yenyewe, na kwenye kauri ya bluu na nyeupe, bluu iko chini ya glezi, imefunikwa na kioo. Ukitaka kuifuta, ufute kioo kwanza. Sisi wa kupaka kwa mkono tunafanya kazi juu ya kauri iliyokwisha kuchomwa na kung'aa. Ndiyo maana tunaweza kutumia waridi, zambarau na dhahabu, ambazo zisingestahimili moto wa zaidi ya nyuzi 1,200 unaoipikia kauri. Na ndiyo maana kazi yetu iko nje, wazi kwa kila kinachosugua.

Rangi za kawaida zina afadhali. Ni unga wa kioo laini wenye madini ya rangi, unayeyuka kwenye nyuzi 800 hivi na kushikana na glezi. (Nyingi zina risasi, kwa hiyo naziweka nje ya kikombe, mbali na mdomo.) Enameli ya kunyanyua, ile inayopakwa nene ili ichomoze juu ya glezi, haifutiki kirahisi, ila ikizidi unene hubanduka kipande kizima. Lasta, ule utando wa metali wenye mng'ao wa lulu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mng'ao wake wa rangi nyingi hutokana na mwanga kucheza kwenye utando mwembamba, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, na ndimu au achari ikilala juu yake usiku mmoja tu, asubuhi imefifia.

Basi nachoma rangi kwanza, dhahabu mwisho, kwenye nyuzi 720. Mfuniko wa tanuri nauacha wazi kidogo hadi 500 ili moshi utoke.

Hiyo 720 ndiyo inayoninyima usingizi. Vitabu vinaiandika kana kwamba kauri zote zina glezi moja. Vikombe tunavyonunua hapa Tanga havisemi vilichomwa wapi wala kwa moto gani. Kwenye glezi ngumu, dhahabu iliyopungukiwa moto inafutika kwa kidole. Kwenye glezi laini, joto lilelile linaizamisha na kuipasua nyufa ndogo. Kwa hiyo kila seti mpya nachoma kikombe kimoja cha majaribio, nakisugua kwa kitambaa na majivu, kisha ndiyo naamua. Na seti ya shangazi? Sikuijaribu. Harusi ilikuwa imebaki siku tatu, nikaamini kitabu. Kwa hiyo sina hakika kwamba stiliwaya ndiyo mkosaji peke yake, na nimemwambia hivyo.

Kuna pia dhahabu ya kusugua, yenye madini mengi zaidi, inayotoka tanuri bila mng'ao mpaka uipitishe jiwe la akiki. Inasifiwa kuwa ngumu kufutika. Mimi naipenda kwa mng'ao wake mpole, ila kwenye vikombe vinavyooshwa kila siku sijaona tofauti inayolingana na bei yake.

Osheni kwa sponji laini, sabuni kidogo, na msiweke kwenye maikrowevu, cheche zitairarua dhahabu.

Vikombe vya shangazi nimeviloweka, nimevianika juani siku tatu, kisha nikavipandisha moto polepole sana, maana kauri iliyotumika huficha unyevu na mafuta ya mikono. Nimepaka vitatu upya usiku, baada ya upepo kutulia na vumbi kushuka. Viwili vimetoka safi. Cha tatu kimeota vidoa vyeusi karibu na kitako, na dhahabu yake ndiyo iliyoshika vizuri kuliko zote. Vitatu vilivyobaki vinaingia Alhamisi, kwenye nyuzi 740.