Programu Sambamba Inayotumia Kiini Kimoja: Jinsi ya Kupanga Kompaila na Kiunganishi

Mtafiti anapokuja katika kitengo chetu cha ukokotoaji akilalamika kwamba programu yake sambamba, yaani inayogawa kazi ili viini kadhaa vya prosesa vifanye kwa wakati mmoja, inachukua muda uleule iwe imepewa kiini kimoja au vinane, kitu cha kwanza tunachomwomba si msimbo wake, bali amri aliyoitumia kuujenga. Mara nyingi msimbo hauna dosari. Dosari imo katika ule mstari mmoja wa amri, na ubaya wake ni kwamba haijitangazi: majibu yanatoka sahihi, hakuna ujumbe wa kosa, na mtu anaweza kufanya kazi miezi kadhaa akiamini kwamba anatumia mashine nzima.

Tuchukue kompaila (chombo kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya GCC kwenye Linux pamoja na OpenMP, kanuni za kugawa kazi ndani ya mashine moja ambazo toleo lake la kwanza la Fortran lilitoka mwaka 1997 na la C na C++ likafuata mwaka 1998. Mwandishi wa programu huweka ndani ya msimbo maelekezo (pragma) yanayoanza na #pragma omp ili kitanzi, yaani sehemu inayorudiwarudiwa, kigawanywe kwa nyuzi kadhaa, yaani mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu moja. Sasa, lugha ya C inairuhusu kompaila kupuuza pragma isiyoitambua, na GCC haiyatambui maelekezo ya OpenMP mpaka iambiwe waziwazi. Kwa hiyo amri hii hupita bila ubishi:

gcc -O2 hesabu.c -o hesabu -lm

Kinachopatikana ni programu ya kawaida inayokokotoa hatua moja baada ya nyingine. Iendeshe kwenye kompyuta yenye viini 8 huku umefungua top (programu inayoonyesha matumizi ya prosesa) katika dirisha la pili, nawe utaona safu ya CPU imeganda karibu na 100, ilhali kwa kazi iliyogawanyika vizuri ingekaribia 800. Ukiongeza swichi ya -Wall, kompaila itakuonya kwamba imeipuuza pragma. Hiyo ndiyo sababu tunasisitiza kwamba -Wall isikosekane katika amri yoyote ya kujenga programu.

Dawa ni swichi ya -fopenmp, ambayo watu wengi hudhani inahusu kompaila peke yake. Kwa hakika inafanya kazi tatu: inaiamuru kompaila iyatii maelekezo, inafafanua jina _OPENMP ambalo thamani yake ni mwaka na mwezi wa toleo la kanuni (kwa mfano 201511 kwa toleo 4.5), na inakielekeza kiunganishi, yaani chombo kinachounganisha vipande vilivyokompailiwa na maktaba kuwa programu moja, kwenye maktaba ya libgomp, ambayo ndiyo inayozianzisha na kuzisimamia nyuzi. Kwa sababu ya kazi hiyo ya tatu, anayejenga programu kwa hatua mbili lazima aitaje swichi hiyo mara mbili:

gcc -O2 -Wall -fopenmp -c hesabu.c
gcc -fopenmp hesabu.o -o hesabu -lm

Ukiisahau katika mstari wa pili, kiunganishi kitakataa na kuandika undefined reference to GOMP_parallel. Ujumbe huo huwatisha wanafunzi, lakini mimi nauona kuwa ni rafiki kuliko ule ukimya wa mwanzo, kwa kuwa unataja hasa kilichokosekana. Kwa anayetaka ulinzi zaidi, inatosha kuweka juu ya msimbo sharti la kwamba ikiwa _OPENMP haijafafanuliwa, ujenzi usimame hapo hapo kwa #error.

Zingatia pia kwamba -lm, inayoomba maktaba ya hisabati, imewekwa mwishoni. Kiunganishi husoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na katika mifumo kama Ubuntu, maktaba iliyotajwa kabla ya faili linaloihitaji huachwa kando kana kwamba haina kazi.

Programu zinazotumia MPI, kanuni za michakato kutumiana ujumbe, zina mtego wao. Hapa kazi hugawanywa kwa michakato inayojitegemea, ambayo inaweza kuwa kwenye mashine tofauti, na ujenzi hufanywa kwa mpicc, ambayo kwa kweli si kompaila mpya bali ni kifuniko kinachoiita gcc na kuiongezea njia za mafaili na majina ya maktaba. Yaliyoongezwa yanaonekana kwa mpicc --showme ikiwa umesakinisha Open MPI, au mpicc -show ikiwa ni MPICH; hizo ni utekelezaji mbili tofauti za MPI. Tabu huanza pale mashine moja inapokuwa na zote mbili. Programu iliyojengwa kwa Open MPI ikiendeshwa kwa mpirun (amri ya kuanzisha michakato) ya MPICH, ukiomba michakato minne mara nyingi utapata nakala nne zisizojuana, kila moja ikijitambulisha kuwa mchakato namba 0 kati ya 1, na zote zikirudia kazi ileile. Kabla ya kuugusa msimbo, andika which mpicc na which mpirun uone kama zinatoka saraka moja, kisha tumia ldd, amri inayoorodhesha maktaba za programu, kuthibitisha maktaba ambayo programu itaipakia.

Kwa watumiaji wa Windows, MS-MPI, yaani MPI ya Microsoft, huja kwa visakinishi viwili, kimoja cha kuendeshea na kingine cha kujengea, na katika Visual Studio ni lazima msmpi.lib iongezwe kwenye mipangilio ya kiunganishi kutoka saraka ya biti 64 au 32 inayolingana na mradi.

Limebaki suala la -march=native, swichi inayoiambia kompaila itumie kila amri ambayo prosesa ya mashine hiyo inaijua. Kwenye kompyuta yako ni neema. Lakini klasta nyingi, yaani makundi ya kompyuta zilizounganishwa kufanya kazi pamoja, huwa na mashine za rika tofauti, na za kwetu zaidi. Kompyuta kuu ya Ranger iliyokuwa Texas, Marekani, ilipostaafishwa mwaka 2013, sehemu ya kabati zake zilisafirishwa kuja Afrika kwa ajili ya vyuo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokusudiwa. Prosesa zake, Opteron za AMD za viini vinne, ni za kabla ya amri za AVX (amri za prosesa mpya za kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo), kwa hiyo programu iliyojengwa kwa native kwenye kompyuta ya mkononi ya leo ingekufa humo mara tu inapoikuta amri ya namna hiyo, ikiacha maneno Illegal instruction. Katika hali hiyo jenga programu kwenye nodi (mashine moja ya klasta) itakayoiendesha, au itaje prosesa kwa jina lake; kwa hizo Opteron, GCC inakubali -march=barcelona.