Viza ya mume au mke: siku zinahesabiwa kutoka lini?

Wengi hapa Nairobi huamini ukishajaza fomu na kulipa onlaini, siku zimeanza kuhesabiwa, na muda ukipita kimya basi umenyimwa. Inaeleweka, pesa si imeshatoka? Lakini kwa ile ya Uingereza, ukiomba ukiwa huku, hesabu huanza siku ulienda kutoa alama za vidole, na zile wiki wanazoandika ni makadirio tu. Marekani ndio hatua nyingi, ombi la mwenzi lipite kwanza, halafu makaratasi, ndio uitwe intavyuu. Kimya sio kukataliwa, uamuzi huja kwa maandishi. Kwa Uingereza, fungua tovuti rasmi ya serikali yao uone zile wiki, chukua karatasi yako ya apointimenti ya vidole, hesabu kutoka tarehe hiyo. Na cheti cha kipimo cha TB (kifua kikuu) wanachotaka Uingereza hudumu miezi 6, usikimbilie kupima mapema.