Kufanya Jambo Kizimamoto

Katika kikao cha wiki iliyopita mkuu wetu wa idara alituasa tusiandae hesabu za mwaka "kizimamoto", akimaanisha kwa haraka, bila mpango, katika dakika za lala salama. Mimi ndiye niliyekabidhiwa usalama wa moto katika jengo letu, na matumizi haya nimeyasikia mara nyingi mno kiasi cha kushindwa kunyamaza.

Zimamoto ni kikosi chenye mafunzo na vifaa vya kuzima moto na kuokoa watu. Watu huliita hivyo na gari lake. Neno limeundwa kwa kitenzi na nomino, kama chemshabongo na vunjajungu. Ugumu unaanza linapowekewa ki-, kwa sababu kiambishi hicho kina kazi mbili hapa. Kuna ki- ya kifaa, inayotupa kizimamoto, yaani ule mtungi mwekundu wa ukutani, na kuna ki- ya namna, tunayoisikia katika kitoto na kizembe. Mkuu wetu alitumia hii ya pili, na kisarufi hakukosea. Kosa limo katika maana, kwani kufanya jambo kizimamoto kungepaswa kuwa kulifanya kama wanavyofanya watu wa zimamoto.

Nao hufanyaje? Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, halikai tu kusubiri simu ya 114. Hukagua majengo na kutoa elimu kabla cheche haijaruka. Askari aliyekuja kutukagua aliukuta mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi umefichwa nyuma ya katoni za karatasi. Alizihamisha katoni mwenyewe, akatazama pini na lakiri yake, kisha akaupima uzito, kwa kuwa mtungi wa aina hiyo kwa kawaida hauna mshale wa kuonyesha kama umepungua. Ule wa unga aliusoma mshale wake, akauliza ulihudumiwa lini, akaandika. Alipousukuma mlango wa dharura, ukagoma, maana ulikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao mlinzi aliyekwenda kula. Hakupandisha sauti. Alisimama palepale mpaka mlinzi akarudi na kufuli likaondolewa, ndipo akaendelea na ghorofa iliyofuata.

Hata kengele inapolia, hawakurupuki: kila mmoja anajua nafasi yake garini na kazi yake atakaposhuka, kwa sababu wameifanyia mazoezi mara nyingi.

Kwa lile alilolikusudia mkuu wetu, Kiswahili kina pupa, kina papara, na mafundi wametupa kulipua. Hesabu zinazoandikwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilishwa zimelipuliwa, na ningefurahi kikao kijacho tukiziita hivyo.