Dawa ikichoka, nani aamue?

Vijana wa uzamili huniuliza kwa nini niliacha maabara. Nilipokuwa nikipima usugu wa vimelea vya malaria, swali langu lilikuwa moja: dawa bado inaua? Sasa naishauri serikali, na maswali yameongezeka. Ikiwa haiui tena ipasavyo, nani aamue, lini, na fedha zitoke kifungu gani?

Chukua klorokwini, dawa ya malaria iliyotumika kwa miaka mingi. Taarifa za usugu wake Afrika Mashariki zilianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Malawi iliiondoa kwenye tiba ya kwanza mwaka 1993, Kenya 1998, sisi Tanzania 2001. Takwimu za watafiti zilikuwepo muda mrefu. Lakini klorokwini ilikuwa bei nafuu, ipo kila duka la dawa, na kila mama anajua dozi ya mwanawe. Dawa iliyoipokea, SP (sulfadoksini na pirimethamini), ilikuwa na dalili za kuchoka tangu mwanzo, hasa kule Muheza mkoani Tanga, na mwishoni mwa 2006 tukahamia dawa mseto ya ALu (artemeta na lumefantrini kwenye kidonge kimoja), ambayo gharama yake ilikuwa mara kumi na zaidi. Bila fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, sioni tungeimudu vipi.

Halafu kubadili dawa si kutia saini waraka. Mwongozo wa matibabu unaandikwa upya. Wahudumu wanafundishwa hadi zahanati ya mwisho kijijini. Bohari ya Dawa inaagiza miezi mingi kabla, huku shehena ya dawa ya zamani ikiwa bado imejaa ghalani. Na mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo matokeo mazuri yakitua mezani mwezi Mei, bajeti imeshapangwa.

Makala ya kisayansi haina nafasi ya mambo haya. Mtafiti humalizia kwa kusema utafiti zaidi unahitajika, na mara nyingi ana haki. Ila kwenye sera, kusubiri nako ni uamuzi, na wakati tunasubiri kuna mtoto anayemezeshwa dawa dhaifu. Ndiyo sababu napenda sana vizingiti vinavyokubaliwa mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 ulisema dawa ikishindwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa, ibadilishwe. Namba hiyo inajulikana kabla ya matokeo, kwa hiyo hakuna wa kuisogeza baadaye kwa sababu hazina ni nyembamba. Mshauri haamui, waziri ndiye anayeamua. Kazi yangu ni kuhakikisha anajua gharama ya kila njia, ikiwemo ile ya kutofanya lolote.

Na suala hili limerudi. Vimelea vyenye usugu wa kiasi, yaani vinavyochelewa kufa, kwa artemisinini, kundi la dawa ambalo ndilo kiungo kikuu cha dawa mseto, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu mkoani Kagera. Dawa mseto bado inaponya, kwa hiyo mgonjwa aliyeandikiwa asiiache na amalize dozi. Lakini vituo vya kufuatilia usugu haviwezi kutegemea miradi ya wafadhili, kwa kuwa mradi ukiisha vipimo navyo vinakoma. Ninachopigania sasa ni kifungu chake ndani ya bajeti ya serikali, kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna habari mbaya.