Thimlich Ohinga: shuka ukutani, na ukiokota kigae soma hapa

Tangu Thimlich Ohinga, haya maboma yetu ya kale ya mawe (ohinga) huku Migori, Kenya, iingie kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018 wageni wanakuja, karibuni sana, ila na picha zinazotufikia kwenye simu nazo si haba, mtu kasimama juu kabisa ya ukuta kapanua mikono. Shuka jamani.

Sijui nani alianzisha hii habari kwamba kuta zimeshikwa na simiti. Hakuna simiti wala udongo, ni mawe makavu tu. Kuna mstari wa nje, kuna mstari wa ndani, katikati wamejaza mawe madogo madogo yanayoshika ile mistari miwili, ndio maana ukuta wenye unene wa mita 1 hadi 3 umepanda sehemu zingine mpaka mita 4 na nusu na umesimama tangu karne ya 16 hivi. Ukikanyaga juu, yale madogo yanashuka, yakishuka yanasukuma makubwa nje, ukuta unatoa tumbo, na mvua ikija unalala chini. Wewe hapo ushafika Kisumu zamani.

Halafu hii habari kwamba pale kuna dhahabu. Migori ina dhahabu, hatubishi, lakini pale karibu na Kochieng', moja ya maboma ya hapo, ni mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, watu walikuwa wanayeyusha chuma hapo, na mavi ya chuma hayana soko. Na waliojenga sio majini wala Waarabu, ni wafugaji na wakulima wa huku huku ziwani, jamii moja ikihama nyingine inaingia, inarekebisha ukuta, maisha yanaendelea.

Sasa utaratibu. Sheria ni ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Ukikuta kitu cha kale, iwe pale au shambani kwako, una siku 7 kuwapa taarifa Makumbusho ya Taifa, ueleze ni mahali gani hasa na ulikipataje. Siku 7 tangu ulipokiona, sio tangu ulipopata nafasi. Kuchimba kunataka leseni ya waziri, ruhusa ya chifu haitoshi, ya mzee wa ukoo haitoshi, na shamba kuwa lako pia haitoshi. Kupeleka kitu nje ya nchi ni kibali kingine kabisa. Bila hivyo ni kortini, faini ama kifungo ama vyote viwili, na "sikujua" haitakusaidia.

Wenyeji tunawaelewa, boma kama hizi ziko zaidi ya 500 huku na nyumba lazima ijengwe, lakini mawe ya ohinga yaacheni.

Mlangoni utainama tu, walifanya mfupi makusudi adui aingie kichwa mbele. Ukiinama usijishikilie mawe ya pembeni, shika magoti yako.